Umeme wa Kijiji na Shamba la Aliyekimbia

Mazungumzo ya redio juu ya ujenzi wa amani. Yamechapwa ili yasomwe katika vikundi vya wasikilizaji, katika makambi na katika baraza za vijiji.



Leo tutaongea juu ya umeme. Najua kuna atakayesema: sisi tunalala chini ya hema, chakula hakitoshi, watoto wameacha masomo, na wewe unatuletea habari za umeme? Subirini kidogo, ndugu zangu. Tunaongea juu ya umeme kwa sababu ni njia mojawapo ambayo kwayo shamba la mtu linaweza kupotea bila risasi hata moja kupigwa. Tena ni njia mojawapo ambayo kwayo watu waliogombana wanaweza kujifunza upya kushika kitu kimoja pamoja. Mambo hayo mawili yanatoka katika mto mmoja.

Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo ni ya kweli kwa sababu ndivyo watu wanavyotenda. Baraza ikikaa, wanaosikilizwa ni wale walioketi pale. Lakini katika inchi ambayo nusu ya kijiji iko porini, kambini au ng'ambo ya mpaka, methali hiyo inaweza kuleta vita vya pili. Basi shikeni neno hili tangu mwanzo, kwa maana ndilo tutakalolirudia hadi mwisho: kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza, ulizeni ardhi ni ya nani, na ulizeni hata kwa wale wasiokuwapo.

Umeme mdogo ni kitu gani?

Wengi wetu tukisikia neno umeme tunafikiri juu ya barrage kubwa, waya nene na ofisi ya mjini. Huo ni umeme mkubwa. Kuna pia umeme mdogo, ambao kijiji kinaweza kuusimamia chenyewe. Katika milima yetu ya Kivu, ya Ituri na ya Lubero, umeme mdogo unatoka hasa katika maji yanayoanguka. Mahali pa tambarare unatoka katika jua, kwa pano zile tunazoziona juu ya mabati ya maduka na ya vituo vya afya.

Maji yanafanyaje umeme? Tunachukua sehemu ya mto huko juu, tunaipitisha katika mfereji ubavuni mwa mlima, halafu tunaiangusha ndani ya bomba mpaka chini. Maji yakifika chini yana nguvu, yanazungusha gurudumu liitwalo turbini, na turbini inazungusha mashini inayozaa umeme. Maji yenyewe hayaliwi. Yakimaliza kazi yanarudi mtoni.

Nguvu inategemea mambo mawili tu: maji ni mengi kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme tunachukua litri 50 kila sekunde, yaani bidoni mbili na nusu za litri 20, na maji hayo yanaanguka metre 20. Nguvu yake yote ni karibu kilowati 10. Lakini nyingine inapotea katika bomba, katika turbini na katika waya, kwa hiyo tukibakiza nusu tumeshukuru. Tunabaki na kilowati 5, ni kusema wati 5,000.

Je, wati 5,000 ni kitu? Ampuli za siku hizi zinakula wati 5 kila moja. Nyumba 100 zikiwasha ampuli tatu tatu, zinakula wati 1,500. Zinazobaki zinatosha kwa friji ya chanjo katika kituo cha afya, kwa taa ya chumba cha kuzalishia, kwa darasa la jioni na kwa kuchaji telefone. Mchana, taa zikizimwa, nguvu hiyo inaweza kuzungusha mashini ndogo ya kusaga, na mama hatatwanga muhogo kwa mikono wala kubeba kilo 30 hadi sentre ya mbali.

Lakini nisiwadanganye. Umeme huo hautapika. Reso ya umeme inakula wati 1,000 au zaidi. Nyumba tano zikiwasha reso tano, kijiji kizima kimeingia giza. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia kwamba turbini ndogo itamaliza kuni na makala, mwambieni afanye hesabu tena. Kuni zinataka njia yake: kupanda miti, na majiko yanayokula kidogo. Na miti ina kazi nyingine hapa. Msitu wa juu ndio unaoshika maji ya mto. Mkichoma makala kule juu, mvua inashusha udongo, mfereji unajaa matope, na wakati wa kiangazi turbini inasimama. Anayekata msitu wa juu anazima taa ya chini.

Umeme uliopita juu ya vichwa vya watu

Sasa tutazame inchi yetu. Mto Kongo unaanguka kwa nguvu sana pale Inga, katika Kongo Kati. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, na Inga ya pili mwaka 1982. Kisha ukavutwa waya wa karibu kilometre 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Waya huo ulipita juu ya vijiji vingi sana. Watoto walizaliwa chini yake, wakakua chini yake, wakazaa chini yake, na usiku wanawasha taa ya petroli. Hata sasa, katika inchi yetu yote, mtu aliye na umeme ni mmoja tu kati ya watano hivi, na katika vijiji ni wachache mno.

Na wale waliokuwa na ardhi pale Inga? Koo za pale ziliacha mashamba, mapori ya kuwinda na makaburi ya mababu. Miaka mingi baada ya mashini kuwashwa, watoto na wajukuu wao walikuwa wangali wanadai malipo ya ardhi yao. Barrage ilitoa umeme, na palepale ikazaa kesi inayorithiwa kama deni la mahari.

Jambo hilo halikutokea kwa umeme peke yake. Mwaka 1970 ilianzishwa mbuga ya Kahuzi-Biega, na katika miaka iliyofuata ndugu zetu Batwa waliondolewa msituni ambamo mababu zao waliishi. Walihesabiwa kama watu wasiokuwa na kijiji, kwa hiyo hakuna aliyeona lazima ya kuwauliza. Walidai haki yao muda mrefu. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyosema kwamba haki zao zilivunjwa. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka 40 ilipita. Katikati ya miaka hiyo damu imemwagika ndani ya mbuga ile, ya Batwa na ya walinzi.

Mbuga ni kitu chema. Umeme ni kitu chema. Lakini kitu chema kikiwekwa juu ya ardhi ya mtu asiyeulizwa, kinageuka kuwa mzizi wa ugomvi.

Watu wa Old Crow

Mtauliza: je, kuna mahali wenyeji wenyewe walishika umeme wao na mambo yakaenda vizuri? Ndiyo. Nitawapa mfano wa mbali na mfano wa karibu.

Mfano wa mbali unatoka Kanada, kaskazini kabisa, katika jimbo liitwalo Yukon. Kuna kijiji kinaitwa Old Crow, chenye watu 250 hivi, kando ya mto Porcupine. Wenyeji wake ni Vuntut Gwitchin, watu wa asili wa inchi ile, waliokuwa pale kabla ya Wazungu kufika. Ni wawindaji wa mnyama aitwaye karibu, kama vile Bambuti wetu walivyo wawindaji wa msituni. Barabara ya motokari haifiki kwao. Mazuti ya kuwasha mashini ya umeme inaletwa kwa ndege. Fikirini bei yake!

Mwaka 2021 walimaliza mradi wao wa jua. Waliweka pano 2,160, zenye nguvu ya kilowati 940, pamoja na batri. Pano nyingine zinatazama mashariki na nyingine magharibi, kwa sababu huko wakati wa kiangazi jua linazunguka mbinguni na halichwi. Wakati wa baridi ni kinyume: jua halionekani kwa siku nyingi, na hapo mashini ya mazuti inaendelea. Hata hivyo inahesabiwa kwamba wanaokoa litri 189,000 za mazuti kila mwaka, na wakati wa kiangazi zile mashini zinazimwa, kijiji kinakuwa kimya.

Lakini neno kubwa la Old Crow si pano. Neno kubwa ni nani mwenye mali. Fedha nyingi za kujenga zilitoka serikalini, lakini mitambo ni mali ya wenyeji. Kampuni ya umeme ndiyo inayonunua umeme kutoka kwao, kwa mapatano ya miaka 25. Kila mwaka kampuni inalipa, na fedha inaingia katika mfuko wa jamii. Zamani kampuni iliuza na wenyeji wakanunua. Sasa wenyeji ni wauzaji.

Walipataje nguvu ya kupatana namna hiyo? Hapa tusikilize vizuri. Mwaka 1993, miaka 28 kabla ya umeme wa jua, Vuntut Gwitchin walitia sahihi mapatano na serikali ya Kanada na serikali ya Yukon juu ya ardhi yao na juu ya kujitawala wenyewe. Ardhi yao ilijulikana, imeandikwa, ina mipaka, ina baraza inayoisemea. Kampuni ilipokuja haikukuta watu wanaobishana juu ya nani mwenye kilima. Ilikuta mwenyeji ameketi katika kiti chake. Ardhi ilitangulia, nguzo zikafuata.

Na watu wa mto Tungu

Mfano wa karibu unatoka Kenya, kwenye miteremko ya mlima Kenya. Kuna mradi unaitwa Tungu-Kabiri, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni umeme wa maji wa kilowati 18 tu. Shirika moja la kutoka Uingereza lilitoa ufundi, lakini familia 200 hivi za pale zilitoa mikono. Walifanya kile tunachokiita salongo: siku moja ya kila juma walitoka na majembe, wakabeba mawe, wakachimba mfereji. Na salongo yao ilikuwa na faida yao ndani yake. Walinunua hisa, na mtu mmoja hakuruhusiwa kununua hisa nyingi mno, ili tajiri asimeze mradi. Umeme wenyewe walianza kuutumia mahali pa kazi pa pamoja, kwa shughuli ndogondogo za kuleta fedha.

Wazee mnakumbuka salongo ya zamani kwetu, ile ya kusukumwa. Watu walilima barabara, na jioni hakuna aliyejua faida ilikwenda wapi. Salongo ya Tungu ilikuwa tofauti kwa sababu kila aliyechimba alijua jina lake limeandikwa katika buku.

Hapa kwetu

Je, hapa kwetu njia ipo? Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango. Zamani SNEL ndiyo iliyoshika kazi hiyo karibu peke yake. Tangu sheria hiyo, wengine nao wanaweza kuzaa na kuuza umeme, wakifuata ruhusa inayotakiwa. Sheria nyingine, ya tarehe 15 Julai 2022, inalinda haki za watu wa asili Bambuti na Batwa, pamoja na haki zao juu ya ardhi wanayoitumia tangu mababu. Na Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya jamii, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Shamba la desturi lisilokuwa na karatasi, nalo ni mali.

Kazi zimekwisha kuonekana pia. Mwaka 2013 umeme mdogo wa maji uliwashwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Mwaka 2015 ukawashwa ule mkubwa zaidi wa Matebe, katika Rutshuru, ambao ulifika Goma. Kazi hizo zilifanywa kwa njia ya mbuga ya Virunga, na mali haiko mikononi mwa vijiji. Zimeleta viwanda vidogo na kazi kwa vijana. Lakini mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, waya ziliharibika, na mashini za kusukuma maji zikasimama. Watu wa mji walirudi kuchota maji ya ziwa. Tukaona kwamba mji ukitegemea waya mmoja, mwenye vita akiukata, mtoto anakosa maji.

Shamba la aliyekimbia

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tuchukue mfano. Nasema mfano, lakini kila mmoja wenu anajua kijiji kama hicho.

Kijiji kiko ubavuni mwa mlima. Vita vilikuja, nusu ya watu wakakimbia. Miaka mitatu ikapita. Waliobaki, na wengine waliokuja kutoka kijiji kingine kilichochomwa, wakapata mfadhili wa turbini. Fundi akapima, akasema: mfereji upite hapa. Hapa ni wapi? Ni shamba la mama mmoja mjane aliyekimbia na watoto wake. Katika baraza mzee akauliza: na mwenye shamba? Wakamjibu: hayupo. Wakachimba. Taa zikawaka. Watu wakacheza ngoma.

Mwaka uliofuata mama akarudi. Mwaka 2025 makambi mengi ya kandokando ya Goma yalivunjwa, na watu wengi walirudi namna hiyo, na mafurushi kichwani, bila kujua watakuta nini. Mama anakuta mfereji umepasua shamba lake vipande viwili. Upande wa chini pamejengwa kibanda cha turbini, na kando yake duka la kuchaji telefone, la kijana asiyemjua. Anauliza: nani aliwapa? Wanamjibu: mama, haya ni maendeleo, usiyazuie.

Ndugu zangu, siku ile mama huyo ana njia gani? Akinyamaza, watoto wake watakua na uchungu, na uchungu huo utatafutwa na mtu mwenye bunduki anayesema: njoni, mimi nitawarudishia. Akilalamika, ataitwa adui wa kijiji. Na usiku mmoja mtu atakata waya. Hakuna atakayejua ni nani, na kila kabila litataja kabila jingine.

Jambo hilo lote lilizaliwa katika neno moja: hayupo. Je, baraza ingeweza kufanya nini? Ingeweza kufanya mengi. Niyapange moja moja, na ninyi wakubwa wa vijiji, makapita, nyumbakumi, mabami na wakubwa wa makanisa, myaandike.

La kwanza, hesabuni wasiokuwapo. Kabla fundi hajaanza kupima, nyumbakumi wapite na kaye, waandike kila nyumba: nani yuko, nani hayuko, shamba lake linaanzia wapi na linaishia wapi, majirani zake ni nani. Majirani wa pande zote waweke sahihi au kidole. Kazi hiyo haitaki mfadhili.

La pili, tumeni habari kwa wasiokuwapo. Leo telefone inafika hata makambini. Katika kambi kuna wakubwa wa blok wanaojua watu wametoka wapi. Chagueni watu wawili waaminifu waende, au wapige simu, waseme: tunafikiri kuleta umeme, mfereji unaweza kupita kwenu, mnasema nini? Mpeni mtu muda wa kujibu. Umeme uliongoja miaka 60 unaweza kungoja miezi mitatu.

La tatu, kama mwenye shamba hakupatikana kabisa, kwanza ombeni fundi atafute njia nyingine. Mara nyingi mfereji unaweza kusogezwa kidogo, ukapita kando ya barabara au katika ardhi ya watu wote. Kama haiwezekani, ardhi ya asiyekuwapo isichukuliwe, ikodishwe. Kodi iandikwe, iwekwe kwa jina lake katika mfuko wa komite, au igeuzwe kuwa hisa zake. Karatasi ziwe tatu: moja kwa mkubwa wa kijiji, moja kwa komite, moja kwa kanisa au msikiti unaoaminika na pande zote. Siku mama atakaporudi hatakuta jibu la hayupo. Atakuta jina lake na fedha yake. Na kama hakubali, mapatano yafunguliwe upya naye akiwa ameketi.

La nne, ulizeni Batwa na Bambuti katika baraza yao wenyewe. Kumwita mzee mmoja wa Kitwa aje kusimama nyuma ya watu 100 na kutikisa kichwa, hiyo haihesabiwi kuwa ruhusa. Nendeni kwao, ongeeni lugha wanayoielewa, waambieni mabaya na mazuri, na wao wakae peke yao waamue. Tangazo la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya watu wa asili linasema ruhusa yao iwe ya hiari, itangulie kazi, na watolewe na habari zote. Tena, mara nyingi wao ndio wanaojua mto kuliko sisi: wapi maji hayakauki, wapi mlima unaporomoka. Wawekeni kati ya wale watakaofundishwa ufundi. Huko Unguja, katika mahali paitwapo Kinyasini, akina mama wa vijijini, wengine wasiosoma sana, wamefundishwa kufunga na kutengeneza taa za jua. Kama mama wa Unguja anaweza, kijana wa Kitwa anaweza.

La tano, ongeeni na watu wa mto wote. Wa juu na wa chini. Wa chini wana ng'ombe wanaokunywa, wana bustani wanazomwagilia. Patanisheni tangu mwanzo ni maji kiasi gani yanabaki mtoni wakati wa kiangazi, na andikeni. Mto ukipita katika makabila mawili, komite iwe ya makabila mawili.

La sita, buku la hesabu lisomwe mbele ya watu. Kila mwezi, siku ya soko, mshika-fedha asimame aseme: nyumba ngapi zimelipa, fedha imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani. Sehemu iwekwe pembeni kwa matengenezo, kwa maana turbini nyingi hazifi kwa vita. Zinafia kipande kidogo kilichovunjika ambacho hakuna aliyeweka fedha ya kukinunua. Katika komite akina mama wawe nusu, na ufunguo wa kisanduku usikae kwa mtu mmoja.

La saba, taa za kwanza ziwake mahali pa watu wote: kituo cha afya, masomo, bomba la maji. Zikianza katika nyumba ya mkubwa na ya ndugu zake, ugomvi umewashwa pamoja nazo.

Neno kwa waliohama, neno kwa wakubwa

Ninyi mlio kambini, au katika nyumba za wenyeji waliowapokea, nina neno kwenu. Msingoje kuulizwa. Andikeni leo mashamba yenu katika kaye: jina la kilima, mto, majirani wa pande nne, mti mkubwa, kaburi la babu. Wafundisheni watoto majina hayo. Tumeni salamu kwa aliyebaki kijijini, mwambieni: mimi niko hai, na shamba langu bado ni langu. Na mkisikia habari za umeme kwenu, msiupinge kwa uchungu tu. Umeme huo unaweza kuwa ndio utakaowapokea. Ombeni jina lenu liingie katika buku.

Nanyi mliobaki, na ninyi mliokuja kukaa katika mashamba ya wengine kwa sababu yenu pia yamechomwa, sikuhukumu mtu. Mnahitaji kusaga, mnahitaji taa ya kuzalishia. Hamkosi kwa kutaka umeme. Lakini kumbukeni kwamba ninyi wenyewe kuna mahali ambapo hamko, na kuna baraza huko inayokaa bila ninyi. Mtendeeni asiyekuwapo hapa kama mnavyotaka mtendewe kule.

Na ninyi wakubwa, mfadhili akija na haraka, akisema fedha lazima iishe kabla ya Desemba, msiogope kumwambia angoje. Yeye ataondoka. Ninyi mtabaki na mto, na mfereji, na mama mwenye shamba.

Wasikilizaji wapenzi, saa yetu imekwisha. Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo, nasi hatuwezi kuifuta methali ya wazee. Lakini kijiji kinachotaka amani kinaweza kukaa katika baraza, kikaacha kiti kimoja bila mtu, na kabla ya kuamua kikauliza: huyu wa kiti hiki angesema nini?

Kwaherini, na Mungu awalinde.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika kijiji chenu, ni nani wasiokuwapo? Nani anajua mipaka ya mashamba yao?

2. Kama mfereji wa maji ungepita katika shamba lako wakati haupo, ungetaka wenzako wafanye nini?

3. Je, Batwa au Bambuti wa kwenu waliwahi kuulizwa juu ya mradi wowote? Waliulizwa wapi, na kwa lugha gani?

4. Ni vitu gani kijiji chenu kimeshika pamoja zamani, kama soko, daraja au mashini? Kilichovunjika kilivunjika kwa sababu gani?

5. Mkiwa na wati 5,000 tu, mtaziwasha wapi kwanza? Kila mmoja atoe sababu yake.